Kidumu cha Njano na Kahawa ya Kulaza

Heri nikubali mapema, maana hata nikikana video ipo: ni kweli niliwahi kumkaribisha mama wa watu, mgeni wa heshima aliyetoka Mumias na buibui lake limepigwa pasi, kwa glasi ya maji ya majivu, halafu nikasimama mbele yake nikitabasamu nikingoja anisifu. Wapangaji wa ploti yetu ya Shirere, hapa Kakamega mjini, bado wananiita Mama Majivu. Mwanzoni nilikuwa nanuna. Siku hizi naitika, maana jina lenyewe nimelipata kihalali, na pia kwa sababu hiyo siku naishukuru kuliko sikukuu nyingi nilizovaa nguo mpya.

Naitwa Mmbone. Kazi yangu ni ya ukarani, kupiga mihuri na kutafuta faili ambazo kila mtu anaapa hakuzigusa, na ugonjwa wangu ni vinywaji (sio hivyo unavyofikiria, mimi ni mtu wa kanisa). Nyumbani kwetu Shinyalu tulilelewa kwa chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikakoma kubishana, na ukiona turungi mezani unajua ng'ombe amekauka. Kahawa tulikuwa tunaisikia tu. Halafu mwaka juzi mwenzangu wa ofisini akarudi kutoka likizo na paketi ya kahawa ya kusaga, akanipa nusu, nikainywa Jumapili moja mvua ikinyesha na nyumba imetulia, na tangu siku hiyo sijawa mtu wa kawaida. Nikaanza kujaribu kila kitu. Mchaichai, tangawizi, iliki, ukwaju, maua makavu mekundu ya kuchemsha, uji wa wimbi uliotiwa ndizi mbivu, kila Jumamosi nagundua kitu na kila Jumatatu ofisi nzima inasikia habari zake wapende wasipende.

Lakini kipenzi changu kilikuwa kahawa ya kulaza. Jina nililibuni mwenyewe. Unachukua kahawa iliyosagwa kwa chengachenga, unailoweka kwa maji baridi, unailaza usiku kucha kwenye friji, asubuhi unachuja kwa kitambaa, inatoka nyeusi, laini, haina uchungu wa kukwaruza koo. Ukitaka kunywa unatia vijiko vitatu vikubwa kwenye maziwa baridi na sukari, unafunga mtungi, unatikisa mpaka povu litoke. Nilikuwa naiweka kwenye chupa za kioo zinazofanana, ndefu, nimezibandua karatasi zote, nikazipanga kwenye mlango wa friji, na wakati mwingine nilikuwa nafungua friji hata kama sitaki kitu, niziangalie tu.

Sasa Mama. Mama yangu aliteleza akitoka kukama, akaumia goti vibaya, na hospitalini wakasema anahitaji mazoezi ya kunyoosha mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Yule dada wa mazoezi alinivuta kando akaniambia wazi kwamba akiacha katikati, goti litakakamaa na fimbo hataiacha tena maisha yake yote. Kutoka kwetu mpaka mjini si safari ya goti kama hilo, kwa hivyo nikamleta akae kwangu. Alikuja na begi moja, mfuko wa mboga za kienyeji, na kidumu chake cha musherekha.

Kama hukulelewa huku, musherekha ni ile chumvi yetu ya maji. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayaweka kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji, na yale yanayodondoka polepole, ya rangi ya kahawia, ndiyo unapikia mboga. Bila hayo, mrenda hauteremki vizuri na kunde zinabaki ngumu kama zina kinyongo na wewe. Mama hapiki mboga bila musherekha, na musherekha wake haukai mahali pengine ila kwenye kile kidumu. Kilikuwa cha njano zamani. Nilipokijua mimi kilikuwa kimefifia mpaka kikawa rangi ya meno ya mvuta tumbaku, mkono wake umeungwa kwa waya, na kifuniko kilipotea kabla sijaanza shule kwa hivyo kilizibwa kwa gunzi la mahindi. Mama alikiweka kwenye friji yangu, katikati ya chupa zangu za kioo, akafunga mlango akaridhika.

Wiki tatu zikapita vizuri (nilidhani hivyo). Nilimfanyia kila kitu. Hakuosha kikombe, hakushika mwiko, nikitoka kazini namkuta amekaa kwenye kochi na mikono mapajani, namletea vinywaji vyangu anaonja kidogo, anasema, "Inanukianga vizuri," anaweka chini. Jumatano moja jioni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Jumapili anarudi nyumbani.

"Na goti, Mama?"

"Goti ni langu, nitaenda nalo."

Nikamuuliza nimekosea nini.

"Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niko hapa wiki tatu na jembe sijaona. Mtu anawekwanga tu kama picha ya ukutani."

Nilienda jikoni nikajifanya naosha kitu. Hapo ndipo nilipopata wazo la Bi Zaituni. Bi Zaituni wa Mumias ni rafiki ya Mama tangu wakiuza pamoja soko la Lubao, Mama na ndizi na mboga zake, Bi Zaituni na leso na mafuta, kabla miguu ya wote wawili haijachoka. Hawakuwa wameonana kwa miaka. Nikarudi sebuleni nikasema Jumamosi tumwalike Bi Zaituni aje kula hapa. Mama akainua kichwa, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Basi mboga nitapika mimi," akasema. "Nipike kwanza, mgeni wangu ale, halafu nitakwambia kama Jumapili naenda au naongeza siku."

Kwa hivyo unaona kilichokuwa kwenye ile mboga. Haikuwa mboga tu, ilikuwa goti la mama yangu.

Na mimi, badala ya kukaa chini nimshukuru Mungu, nikaanza kuona aibu. Alhamisi jioni nilifungua friji nikakiona kile kidumu na gunzi lake, nikajiambia mgeni akifungua hii friji akutane na hiki kitu atasema mtoto wa rafiki yangu anafanya kazi ya ofisi na bado anaishi hivi. (Mgeni gani hufunguanga friji ya mtu? Sijui. Aibu haiulizi maswali.) Nikachukua chupa moja ya kioo, nikamimina musherekha wote ndani, nikauweka mlangoni pamoja na zingine, na kidumu nikakitupa kwenye pipa la ploti. Uamuzi wa dakika moja tu.

Lakini mimi si mjinga, nilijua kwamba chupa sasa zinafanana, na kilicho ndani pia kinafanana. Kwa hivyo nikatafuta uzi mwekundu nikaufunga kwenye shingo ya chupa ya musherekha. Nyekundu ni hatari, nikajiambia, ukitafuta kahawa usiguse hii. Tafadhali ukumbuke huo uzi, maana mimi sikuukumbuka.

Ijumaa Mama akaulizia kidumu chake. Nikamjibu kwa furaha kwamba nimemwekea musherekha kwenye chupa safi. Akaniangalia.

"Kilikuwa kichafu?" akauliza.

Nikasema hapana, ni kupanga tu. Hakuuliza tena, na mimi sikuona kitu, nilikuwa na shughuli ya kupiga pasi vitambaa vya viti.

Jumamosi ikafika. Kuku alichinjwa na mzee Mwislamu wa duka la kona, kwa ajili ya mgeni wetu, na mimi nilikuwa nimefunga. Hapa pia nijieleze. Akina mama wa kanisa letu tulikuwa kwenye maombi ya siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi saa kumi na mbili jioni, huli wala hunywi mchana, na nilikuwa nimewatangazia watu wengi kidogo kuliko inavyoshauriwa. Ndiyo maana siku hiyo sikuonja chochote. Kunusa pia hakukunisaidia, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimesaga kahawa mpya na jiko lote, pazia, mimi mwenyewe, tulikuwa tunanuka kahawa.

Mama alisimama jikoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Fimbo aliiacha imeegemea ukuta wa sebuleni, akafunga leso kiunoni, akachambua mrenda na kunde akiimba kwa sauti ya chini, na nilipomwona hivyo moyo wangu ukajaa. Akaniuliza, "Musherekha ni gani kati ya hizi?"

Nikaangalia chupa mbili zilizokuwa zimebaki na kitu ndani. Tumbo tupu, siku ya tatu. Nikaona uzi mwekundu, na kichwa changu kikaniambia kitu chenye akili sana: nyekundu ni ya kupendeza, hii lazima niliipamba kwa ajili ya mgeni, hii ni kahawa.

"Ile isiyo na uzi, Mama," nikasema. "Yenye uzi ni yangu."

Akamimina isiyo na uzi kwenye sufuria. Dakika ileile mlango ukabishwa na tukasikia, "Asalaam aleikum, wenye nyumba mpo?" na Mama akaacha mwiko akaenda sebuleni karibu anakimbia, akiniambia tu nitie mboga, nimalizie na maziwa, nizime. Kwa hivyo hata yeye hakuonja.

Walishikana pale mlangoni kwa muda mrefu. Bi Zaituni ni mama mwembamba, mrefu, anaongea taratibu, na alikuwa anamwambia Mama, "Umezeeka, wewe," na Mama anamwambia, "Na wewe ulidhani utazeeka peke yako?" Nyuma ya Bi Zaituni akaingia jirani yangu Praxides. Praxides nilimwalika mwenyewe, nikiri pia hilo, kwa sababu ana simu nzuri na hakuna kitu anachokula bila kukipiga video akipeleke kwenye kikundi cha ploti, na mimi nilitaka ploti ione kahawa yangu ikinywewa na mgeni.

Nikatayarisha glasi mbili. Vijiko vitatu vitatu kutoka chupa yenye uzi, maziwa baridi, sukari, nikatikisa. Nakwambia sijawahi kupata povu kama lile. Lilipanda jeupe, zito, likasimama juu ya glasi bila kuanguka, nikasema moyoni leo Mungu amekubali kufunga kwangu. (Baadaye nilikumbuka kwamba bibi yangu alikuwa anafulia nguo kwa maji hayohayo sabuni ikikosekana.) Mama nilimpa chai yake ya maziwa kwa sababu alisema kahawa baridi ni ya watu wenye magoti mazima.

"Karibu Bi Zaituni," nikasema. "Hii ni kahawa ya kulaza, nimeitengeneza mwenyewe."

"Bismillahi," akasema, akanywa. Akatulia kidogo. Akaiangalia glasi. Akanywa tena.

"Iko aje?" nikauliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza.

"Ni kahawa yenye nguvu," akasema.

Nikafurahi sana. Akanywa yote, taratibu, funda baada ya funda, bila kukunja uso, na alipomaliza akapangusa midomo kwa kitambaa, akasema alhamdulillahi. Wakati huo Praxides alikuwa bado anatafuta mwanga mzuri dirishani. Akainua simu, akainua glasi, akaanza, "Wapendwa wa ploti, leo tuko kwa Mmbone, mwenye kahawa yake, mnaona hilo povu..." akapiga funda kubwa la mtu anayepigwa video.

Macho yake yalifunguka. Mashavu yakajaa. Akatafuta mahali pa kutema, hapakuwa na mahali, akatemea ndani ya kile kitambaa cha kochi nilichopiga pasi jana yake, huku mkono mwingine umeshikilia simu vizuri kabisa, na hayo yote yakaingia. Halafu akakohoa akasema maneno mawili tu, "Ni sabuni," na simu, sijui kama ni kidole kiliteleza au ni tabia, ikapeleka video kikundini.

Nilinyakua glasi nikakimbia jikoni. Nikavunja mfungo wangu wa siku tatu kwa kijiko kimoja, na ulimi ukateleza, chumvi, uchungu, majivu, utoto wangu wote wa Shinyalu ukanijia mdomoni. Nikaugeukia ule uzi mwekundu. Halafu nikaigeukia sufuria ya mboga, maana kama huu ni musherekha, kahawa yangu ilikuwa mle.

Unajua nilichofanya? Nilirudi sebuleni nikasema, "Poleni jamani, ni maziwa yameharibika." Basi. Nikafunika uongo kwa tabasamu, nikapakua chakula, nikijiambia kahawa kidogo kwenye mboga labda haitasikika, na kuku ana mchuzi mwingi. Simu ya Praxides ilikuwa inalia bila kupumzika, kila mtu wa ploti ana maoni, nje kwenye kamba za nguo nilisikia mtu anacheka peke yake.

Tukanawa mikono, Bi Zaituni akaomba kwa njia yake na Mama kwa yake. Obusuma, ugali wetu, ulikuwa unatoa moshi, ingokho, yule kuku, yuko katikati. Lakini Bi Zaituni, kwa heshima ya rafiki yake, hakuanza na kuku. Akamega obusuma, akachovya mboga za Mama. Mama pia. Wakatafuna wote wawili wakiangaliana. Mboga zilikuwa nyeusi ti, na ngumu, na ule mrenda haukuvuta hata kidogo.

Bi Zaituni akameza, akamega tena. Mama hakumega. Aliweka tonge lake chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Zaituni," akasema, "uniwie radhi. Umetoka mbali nikakupa hii."

"Mboga ni nzuri, dada yangu."

"Si nzuri. Mkono wangu umekufa. Nilikuwa naogopanga hivyo tangu nianguke, sasa nimeona." Halafu akanigeukia mimi, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza. "Mmbone, kesho unipeleke nyumbani. Ni heri nikalale kwangu. Mtu ambaye hawezi kupikia mgeni wake, hata akinyooshwa goti, atatembea aende wapi?"

Praxides, hata yeye, aliweka simu chini.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, nataka ujue hilo. Ningesema mboga ni za sokoni, ningelaumu jiko. Mama angeenda nyumbani akiamini mkono wake umekufa, na mimi ningebaki na jina langu zuri, yaani kile kipande kidogo ambacho Praxides hakuwa amekipeleka bado. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye zulia kama mtoto aliyeiba sukari, nikasema yote, na nilisema vibaya, kwa kuruka ruka.

"Mama, si mkono wako. Ni kahawa. Umepikia mboga na kahawa yangu, mimi ndiye nilikuonyesha chupa mbaya. Na Bi Zaituni nimemnywesha musherekha wako. Si maziwa, nilidanganya. Na nilibadilisha chupa kwa sababu niliona aibu na kidumu chako, sikutaka mgeni akione, nikakitupa."

Nilikuwa naangalia zulia, naweza kukuchorea maua yake mpaka leo.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Zaituni. "Kidumu gani? Kile cha njano?"

"Kilekile," Mama akasema, sauti ndogo.

"Bado ulikuwa nacho?" Bi Zaituni akanigeukia. "Mwanangu, kile kidumu nilimletea mimi, kikiwa na mafuta ya simsim, alipokuzaa wewe na hakuweza kuja sokoni. Mafuta hayo ndiyo uliyopakwa."

Nilidhani nimefika chini kabisa ya aibu. Kumbe kulikuwa na ngazi nyingine.

Halafu nikasikia sauti ya ajabu, kama kikohozi, nikainua kichwa nikaona mabega ya Bi Zaituni yanatikisika. "Kwa hivyo," akasema, machozi yakimtoka, "mimi nimekaa hapa nimemaliza glasi nzima ya musherekha, nikasema moyoni, kumbe watu wa Kakamega mjini wanateseka hivi kila siku na hawasemi."

Mama akamwangalia. "Ulimaliza yote?"

"Yote. Ningemwaibisha vipi mtoto wako mbele ya simu? Na nikwambie ukweli, nilikuja na kiungulia tangu jana, sasa sikisikii."

Hapo Mama akacheka. Sijui nikuelezeeje kicheko hicho, nilikuwa sijakisikia tangu aanguke. Alicheka akishika goti, akacheka akimpiga Bi Zaituni begani, akasema, "Ngoja, ngoja, nisivunjike la pili," na Praxides naye akajiunga, na mimi pale zuliani nilikuwa nalia na kucheka, sijui nianze na gani. Wakati huo nilimshukuru Mungu kwa glasi ile mbaya, na kwa mgeni aliyeimeza.

Mama alipopata pumzi akanyoosha kidole mlangoni. "Kidumu changu," akasema. "Nenda ukitafute."

Nikatoka. Ploti nzima ilikuwa nje, maana video ilikuwa imewatoa, wamesimama kwenye milango na kamba za nguo, na mimi nikapita katikati yao na gauni langu la mgeni nikaingiza mikono kwenye pipa. Maganda ya viazi, nepi, mimi naendelea. Hakikuwemo. Mtu akauliza kwa sauti, "Mama Majivu, unatafuta majivu zaidi?" na hapo ndipo jina lilizaliwa. Aliyeniokoa ni Mzee Lihanda, mlinzi wa geti.

"Unatafuta ile kidumu ya njano?" akasema. "Niliichukua. Kitu ya zamani haiharibikangi. Nilikuwa natakanga kuwekea mbwa maji."

"Mzee, tafadhali. Ni ya mama yangu."

Akanisogelea. "Na wewe ulitupa kitu ya mama yako?"

Nikasema ndiyo. Akaingia kibandani akanitolea, gunzi lake likiwa mahali pake, na nikakirudisha nyumbani nimekikumbatia kwa mikono miwili, ploti ikipiga makofi.

Nilipoingia Mama hakuwa kwenye kochi. Alikuwa jikoni, na fimbo ilikuwa bado imeegemea ukuta wa sebuleni. Amefunga leso upya, mboga zilizobaki ziko kwenye ungo.

"Lete hiyo chupa ya uzi," akaniambia bila kugeuka. "Rudisha musherekha kwa nyumba yake. Halafu uoshe hii sufuria, usugue mpaka iache kunuka ofisi. Na hizi chupa zako upangue, mimi sina pahali pa kuweka mkono. Zaituni, keti, hii haikawii."

Niliosha. Sijawahi kuosha sufuria kwa furaha kama ile. Bi Zaituni alikataa kuketi, akaniomba tangawizi na iliki, akachukua kahawa yangu niliyosaga asubuhi akaichemsha kwa taratibu za kwao Mumias, kali, bila maziwa, kwenye vikombe vidogo, na nikainywa nimesimama kati ya wale wawili, mboga zinachemka, maombi yangu ya siku tatu yamevunjika saa tisa mchana na sikuona kwamba kuna mtu mbinguni amekasirika. Mama akaonja kikombe cha rafiki yake. Akaonja tena. "Hii sasa ni kitu," akasema. Mrenda ulipoiva ulivuta kutoka sahani mpaka mdomoni bila kukatika.

Jumapili hakuenda. Aliongeza siku, akaongeza wiki, akamaliza mazoezi yote ya wiki sita kama alivyoambiwa, na kila nikitoka kazini nilikuwa nakuta kazi imeningoja, chambua hii, twanga ile, mbona nyumba haina maji. Praxides alikuja kujifunza kuchuja musherekha na akaupiga video. Ile yangu hajaifuta, anasema ni ya kihistoria.

Siku ya kuondoka Mama alitembea mwenyewe mpaka getini. Fimbo nilibeba mimi. Alikuwa amechukua chupa yangu moja ya kioo, imejaa kahawa, na mkobani ana tangawizi na iliki za Bi Zaituni, na mimi nilikuwa nimembebea kidumu chake nimekifunga vizuri kwenye mfuko ili kisimwagike njiani. Akafungua mfuko, akakiona, akanirudishia.

"Hiki kinabaki," akasema. "Mtu akiwa na kitu chake kwa nyumba, huyo si mgeni."

Kwa hivyo nimejifunza kuonja kwanza kila kitu kabla ya kumpa mtu, hata niwe nimefunga, na nimeapa kutoona aibu tena kwa kitu kilichonilea. Ukija kwangu nitakupa kahawa, na nitainywa mbele yako kabla hujainua kikombe. Ukifungua friji, kidumu kiko mbele kabisa, na gunzi lake. Uzi sijakifunga.